Kabati la Mfuko wa Leodgar

Kufuli lilikuwa sakafuni, chuma chake cha juu kimekatwa, na milango yote miwili ya kabati ilikuwa wazi.

Inspekta Theodora Kashindye alisimama kizingitini kwanza, akaangalia, ndipo akaingia. Ilikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi na goti lake la kulia lilikwisha kuanza vituko vyake. Likizo yake ilikuwa imeahirishwa mara tatu. Kituoni, juu ya meza yake, yalimsubiri majalada kumi na tisa: pikipiki zilizoibwa, ng'ombe waliovushwa kutoka Igunga, mume na mke waliotoana meno kwa sababu ya simu. Sasa na hili likaongezeka.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga pale mtaa wa Ipuli, kati ya duka la dawa za mifugo na kibanda cha fundi cherehani. Meza moja, viti vitatu, kabati la chuma. Ukutani kibao: Mfuko wa Elimu wa Leodgar, 1994.

"Nani aliona kwanza?"

"Mimi, afande." Aliyejibu ni Magreth, katibu wa mfuko, mama wa makamo aliyekuwa akiusokota ukingo wa kitenge chake bila kujua. "Nilifika saa moja na nusu."

"Mlango wa nje?"

"Ulikuwa umefungwa, kama nilivyouacha Jumamosi mchana. Dirisha ndilo lililokuwa wazi."

"Umefagia? Umegusa chochote?"

"Sijagusa kitu. Nilipiga yowe tu."

"Kimepotea nini?"

"Ada za wanafunzi. Milioni sita na laki nane. Na vitabu vya hesabu."

"Fedha taslimu, humu kabatini?"

"Mwalimu Eustace, mhazini wetu, aliniambia Ijumaa kwamba amezitoa benki na kuzifungia humo. Leo tulikuwa tuwalipie watoto."

"Wewe ulizihesabu?"

Magreth aliinamisha kichwa. "Mwalimu Eustace hahesabiwi nyuma yake, afande. Ameushika mfuko huu miaka thelathini na moja."

Theodora aliisikia hadithi ya mfuko huku akizunguka chumbani. Mzee Leodgar alikuwa mfanyakazi wa reli. Hakujaliwa mtoto. Alipostaafu aliweka shilingi milioni tano benki, akaita majirani, wakaandika katiba ya ukurasa mmoja. Mtaji usiguswe kamwe. Faida yake ndiyo isomeshe watoto wa wakulima. Mwaka uliofuata akafariki. Tangu hapo mfuko ulikwisha kusomesha watoto mia na arobaini. Mwaka huu walikuwapo sita, wote vyuoni.

Koplo Majidi, ambaye alikuwa amefanya kazi na Theodora kwa miaka kumi na miwili na aliyeujua ukimya wake, alikuwa akinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole dirishani. Akaacha.

"Afande, njoo uone huku."

Nje ya dirisha, kutoka kona moja ya fremu mpaka nyingine, buibui alikuwa ametanda utando wake. Ulikuwa mzima. Hata mkono wa mtoto usingepita pale bila kuukata.

Theodora alirudi kabatini, akapiga magoti kwa shida. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imepakwa nta ikang'aa. Akapitisha kidole chini ya kufuli, kisha mbele ya kabati, kisha pembeni.

"Majidi, ukikata chuma kwa msumeno, unga wake unakwenda wapi?"

"Unamwagika chini, afande."

"Uko wapi hapa?"

Majidi akainama naye. Hapakuwa na hata chembe.

"Halikukatiwa hapa," Theodora alisema. "Lilifunguliwa kwa ufunguo, likakatwa kwingine, likarudishwa na kutupwa." Akainuka akishikilia kabati. Rafu ya juu ilikuwa na vitabu virefu vya jalada gumu, vimepangwa kwa miaka. Cha 1994 kilikuwapo, na cha 1995, mpaka cha 2007. Kuanzia 2008 pengo.

"Mwizi gani anayechagua miaka?" Majidi akanung'unika.

Gari dogo la mizigo lilisimama nje likitimua vumbi, akashuka mwanamume mnene aliyevaa shati la mikono mifupi. Huyo alikuwa Benjamini, mwenyekiti wa mfuko, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kusomeshwa.

"Inspekta, Jumamosi ni mkutano mkuu. Mkaguzi wa hesabu anakuja. Jambo hili nataka liishe kabla."

"Kila mtu anataka hivyo. Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mwalimu Eustace peke yake."

"Na wa mlango?"

"Yeye na Magreth."

"Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Alikwenda kuzika Ulyankulu. Magreth amempigia simu, yuko njiani."

Alifika saa sita mchana, viatu vimejaa vumbi la safari, mkononi ana mfuko wa nailoni wenye nguo zake. Mzee mwembamba wa miaka sabini na mmoja, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

Theodora alimwonyesha kufuli. Mzee akaliangalia kwa muda mrefu. Akakigeuzageuza kile chuma kilichokatwa, akatazama pale msumeno ulipoteleza ukaanza upya. Kitu kikapita usoni pake. Haukuwa mshangao.

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Nyumbani. Msumarini."

"Na fedha ulizitoa benki lini?"

"Ijumaa," alisema mzee, akaliweka kufuli mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Hakuuliza chochote juu ya fedha. Si zimekwenda wapi, si kama zitapatikana. Katika miaka thelathini ya upelelezi Theodora hakuwahi kumwona mtu aliyeibiwa milioni sita akakosa la kuuliza.

*

Jumanne asubuhi walikwenda benki. Aliyewapokea ni Sylvester, ofisa wa mikopo, kijana mpole aliyesoma barua ya polisi mara mbili kabla ya kuchapisha taarifa ya akaunti. Karatasi zilitoka nyingi.

"Ijumaa hakuna fedha iliyotolewa," alisema. "Isingewezekana pia. Humu kuna shilingi elfu arobaini na moja na mia mbili."

Majidi alipiga mluzi mdogo. Theodora alivuta kiti.

"Mtaji uko wapi? Walikuwa na mtaji wa milioni tano."

"Ulikuwapo." Sylvester alipanga karatasi. "Angalia, mama. Mwaka tisini na nne waliweka milioni tano kwa muda maalumu. Riba ya siku hizo ilikuwa asilimia ishirini na mbili. Hiyo ni milioni moja na laki moja kwa mwaka, na ada ya bweni sekondari ilikuwa elfu sabini na tano. Unaona? Faida peke yake inasomesha watoto kumi na wanne."

"Endelea."

"Mwaka elfu mbili na tatu riba imeshuka mpaka asilimia tano. Mtaji umeongezeka kidogo, umefika milioni saba, lakini faida ni laki tatu na nusu tu. Mwaka elfu mbili na nane ni laki nne. Wakati huo mtoto mmoja wa chuo ni laki sita."

"Kwa hiyo faida haitoshi hata mtoto mmoja."

"Haimtoshi hata mmoja. Shilingi ilibaki na jina lake, mama, ila mwili ulikwisha." Akaweka kidole kwenye karatasi nyingine. "Hapo ndipo mtaji ulipoanza kuvunjwa. Elfu mbili na nane, milioni moja na nusu. Mwaka unaofuata hivyohivyo. Kufikia elfu mbili na kumi na mbili umekwisha wote."

"Na tangu kumi na mbili mpaka leo watoto wanasoma kwa fedha gani?"

"Kwa michango midogo ya wanachama. Na hizi." Alizungushia kalamu mistari mitatu. "Mwaka kumi na tatu, milioni kumi na nne. Kumi na nane, milioni tano. Ishirini na mbili, milioni tatu na laki mbili. Zote zimewekwa kwa jina la mchangiaji mmoja."

Theodora alivaa miwani. Kwenye kila mstari iliandikwa: mchango wa Dafrosa.

"Dafrosa ni nani?"

Sylvester aliinua mabega. Majidi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Mke wa mwalimu Eustace anaitwa Dafrosa, afande. Anauza karanga sokoni. Mke wangu hununua kwake."

Wakatoka juani. Theodora alisimama kidogo kwenye ngazi za benki, miguu ikimwaka ndani ya viatu. Muuza karanga anayechangia milioni ishirini na mbili. Alitamani kuketi palepale kwenye ngazi.

*

Kituoni, kwenye benchi la wageni, alikuwa ameketi msichana wa miaka kama ishirini, sanduku la bati miguuni. Aliinuka.

"Shikamoo, afande. Naitwa Minza. Nasomeshwa na Mfuko wa Leodgar. Uuguzi, mwaka wa pili."

"Marahaba. Unataka nini, mwanangu?"

"Chuo kimesema nisipolipa sifanyi mtihani. Nimetoka Nzega leo. Nilisikia fedha zimeibwa, nikaona nije niulize kama mmezipata."

"Bado."

"Baba aliniambia nisirudi nyumbani bila jibu."

"Basi kaa," Theodora alisema.

Mwalimu Eustace aliketi chumba cha mahojiano, mikono magotini. Theodora alimsomea onyo, neno kwa neno, kwa sauti iliyochoka kulisoma.

"Hulazimiki kusema chochote. Lakini utakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Umenielewa, mwalimu?"

"Nimeelewa. Andika kwamba ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nimekula fedha za mfuko. Mtaji wote. Nikaona mkaguzi anakuja, nikalikata kufuli na kuchukua vitabu. Andika nitie sahihi."

"Ulilikata lini?"

"Jumapili usiku, niliporudi kutoka Ulyankulu."

"Ulilikatia wapi?"

Mzee alisita. "Palepale ofisini."

"Fedha ulizifanyia nini?"

"Nimezitumia."

"Kwa kitu gani? Umejenga? Umenunua gari? Una mke mwingine?"

"Mwanangu, nimesema nimekula. Mtu akisema amekula, mnataka mpaka aseme na mboga?"

Theodora alimtazama. Ukosi wa lile shati ulikuwa umegeuzwa ukashonwa upya, sehemu iliyochakaa ikafichwa ndani. Nje ya kituo ilikuwa imeegemezwa baiskeli aliyokuja nayo, taa yake imefungwa kwa kamba.

"Dafrosa ametoa wapi milioni ishirini na mbili?"

Hapo uso wa mzee ukafunga kabisa.

"Mke wangu hajui lolote. Mwache. Nimekwisha kukiri."

Benjamini aliposikia habari hizo alikuja mbio. "Si amekiri? Mfikishe mahakamani! Mzee mzima, mwalimu wa hesabu, anakula chakula cha yatima!"

"Ukiri si ushahidi wote, mwenyekiti."

"Unangoja nini tena?"

"Nangoja simu," alisema Theodora.

Majidi alikuwa akipiga simu Ulyankulu tangu saa nane. Saa kumi alimpata katekista wa kule. Ndiyo, mwalimu Eustace alikuwapo msibani tangu Jumamosi asubuhi. Jumapili mchana walizika. Yeye ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alilala palepale, akaondoka Jumatatu alfajiri na gari la magunia ya mahindi. Mashahidi? Kijiji kizima.

"Hakukata kufuli," alisema Majidi akirudisha simu. "Hakuwapo."

"Na fedha pia hakula." Theodora alimsogezea faili nene aliloletewa na Magreth. Lilikuwa la stakabadhi za vyuo na shule, mwaka hadi mwaka. Theodora alikuwa amezijumlisha mwenyewe, mara mbili, kwa kikokotoo cha simu. "Kila ada imelipwa, Majidi. Hakuna mtoto aliyekosa. Zilizolipwa ni nyingi kuliko mtaji na faida na michango ya wanachama vikiwekwa pamoja. Tofauti yake ni milioni ishirini na mbili na laki mbili."

"Mwizi anayeongeza."

"Na ufunguo ulikuwa msumarini nyumbani kwake." Alifunga faili. "Kesho asubuhi tutakwenda kumwona huyo Dafrosa."

*

Nyumba ya mwalimu Eustace ilikuwa pembeni ya ile njia ya zamani ya misafara, upande wa kutokea mjini, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati lililoshika kutu. Uani palikuwa pamefagiliwa. Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta karanga kwenye ungo. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Mwangaluka, mama," Majidi akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Karibuni." Hakushtuka kuona sare. Aliwasogezea viti viwili. "Niliwatarajia tangu juzi."

"Shikamoo, mama," alisema Theodora.

"Marahaba. Mume wangu amekula huko kituoni?"

"Amekula. Ametuambia kwamba yeye ndiye aliyekata kufuli."

Dafrosa aliendelea kupepeta. Maganda yaliruka, karanga zikabaki.

"Amesema uongo," alijibu. "Hajui hata kushika msumeno. Baiskeli ikiharibika ni mimi ninayeifungua."

"Mkono umekuwaje?"

"Malengelenge."

Theodora aliangalia chini ya dirisha la jiko. Pale kwenye jiwe la kunolea visu palikuwa na unga wa kijivu uliometameta juani. Majidi alikwisha kuuona. Alikuwa akitoa bahasha ya vielelezo mfukoni.

"Mama, nikuonye kwanza. Hulazimiki kusema chochote..."

"Nitasema. Nimekaa kimya ndani ya nyumba hii tangu nilipoolewa, nitasema." Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na furushi la kitenge. Akalifungua kwenye mkeka. Vitabu vya hesabu vilikuwamo vyote, 2008 mpaka mwaka huu, havijapinda hata ukurasa. "Nilitaka kuvichoma. Moto niliwasha. Kisha nikafungua kimoja nikaona jina langu."

"Uliona nini?"

"Mchango wa Dafrosa. Milioni kumi na nne." Aliangalia karanga. "Afande, mimi sijawahi kuingia benki."

"Zilikuwa fedha gani?"

"Kiinua mgongo chake. Aliniambia serikali imemkata hizo kumi na nne, amepewa milioni tisa tu. Nikamwamini. Zile milioni tano za baadaye ni kiwanja changu cha Isikizya, nilichoachiwa na baba. Wakati ule makao ya wilaya yamehamia kule, kila mtu anatafuta kiwanja. Aliniambia kimechukuliwa kwa barabara. Na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa, ndivyo alivyosema. Kumbe ng'ombe walikwenda chuo."

Majidi alikohoa, akatazama pembeni.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi iliyopita. Alikuja dalali. Akaanza kupima nyumba hii kwa hatua, hapa nilipo nimeketi. Nikamuuliza, unapima nini? Akasema, kwani mzee hajakwambia? Kumbe nyumba inauzwa, malipo ya kwanza Jumatatu. Nilipombana mume wangu usiku huo alinieleza yote. Mtaji ulianza kuvunjwa lini, ulikwisha lini. Alilia. Akasema, Dafrosa, watoto sita hawa nitawaambia nini?"

"Ndiyo maana alimwambia Magreth ada ziko kabatini."

"Alitegemea zingekuwamo Jumatatu hiyo."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Jumamosi alikwenda Ulyankulu, funguo akaziacha msumarini. Jumapili watu wako kanisani, nikaenda ofisini. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kukosa misa. Nilifungua, nikatoa vitabu vya tangu alipovunja mtaji, nikafungua dirisha, nikaja na kufuli hapa. Nilikata mchana kutwa. Chuma kigumu kile. Jioni nikalirudisha."

"Ulikusudia nini?"

"Nilikusudia mfuko ufe." Alisema bila kupandisha sauti. "Ukifa kwa wizi, hana lawama mtu. Mkaguzi hataona vitabu, mume wangu hatafungwa, nyumba haitauzwa. Watu wangeamini fedha zimeibwa, wangemwambia basi, kazi imekwisha, pumzika. Mwenyewe asingeweza kuuacha. Ungemmaliza kwanza."

Theodora aliandika. Kalamu ilikwaruza kwa muda. Maelezo yalikuwa yametimia: nia, njia, nafasi. Lakini mwanamke yule alikuwa bado amekaa kama mtu ambaye hajashusha mzigo.

"Ni hayo tu, mama?"

Dafrosa alikifungua kile kitambaa kiganjani, akakifunga tena.

"Tuna binti, Levina. Alifaulu kidato cha nne mwaka uleule baba yake alipostaafu. Alipata nafasi ya uuguzi. Katiba ya mfuko inasema mtoto wa kiongozi hasaidiwi. Sawa, hiyo ni haki. Baba yake akamwambia, mama, kiinua mgongo kimekatwa, subiri mwaka ujao. Akasubiri. Mwaka ujao nao ukapita. Sasa yuko stendi ya Nzega anauza maandazi, ana watoto wawili." Aliokota ganda lililoanguka mkekani. "Kwenye kitabu hicho cha kumi na tatu, ukurasa wa mwezi wa saba, kuna wasichana wawili walilipiwa uuguzi. Kwa jina langu. Nimewasomesha mimi, afande. Sijui sura zao. Wangu nimemwangalia akikanda unga."

*

Waliwakutanisha mchana ule, mume na mke, kwenye chumba kilekile cha mahojiano. Sheria haikumlazimisha Theodora kufanya hivyo. Alifanya tu.

Mwalimu Eustace alimwona mkewe, akasimama. "Nimewaambia ni mimi."

"Nimekwisha kueleza," Dafrosa alijibu.

Mzee akaketi. Theodora alimwomba aanze upya, na safari hii alisema kweli. Mwaka 2008 kamati ilimkabidhi majina sita. Alipiga hesabu akaona faida haitoshi hata mmoja. Alikwenda kwa wazazi wa wale watoto kuwaambia. Wa kwanza alimkuta ameshauza baiskeli kununua godoro la bweni. Hakuweza kufungua kinywa. Akasema, nitachukua kidogo kwenye mtaji mwaka huu tu, mwakani nitarudisha.

"Kwa nini hukuwaambia wanachama?"

"Mwanachama akisikia mtaji umeguswa hatoi tena. Na wengi walikuwa hawatoi hata hivyo."

"Vitabu vinaonyesha wametoa."

Theodora alifungua kitabu kimoja, akakisogeza kwa Benjamini, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, akingoja kusikia mwizi akitajwa.

"Soma hapo, mwenyekiti."

Benjamini alisoma. Ahadi ya mwenyekiti, laki tano kwa mwaka, imelipwa. Mwaka uliofuata, imelipwa. Miaka tisa, imelipwa. Alipepesa macho.

"Mimi... nilikuwa sijalipa. Biashara ilikuwa mbaya. Nilisema nitalipa kwa pamoja."

"Nilijaza mimi," alisema mwalimu Eustace. "Ulikuwa mwenyekiti. Ungeaibika mbele ya mkutano."

Benjamini alifunga kitabu, akatafuta pa kukiweka, akakosa, akabaki amekishika.

Ndipo Dafrosa alipomgeukia mumewe. "Waeleze na habari ya Levina."

"Levina aliridhika," mzee alisema polepole. "Hakuwahi kulalamika."

"Ulimuuliza?"

Mwalimu Eustace alifungua kinywa. Miaka arobaini alikuwa amewauliza watoto wa watu maswali na kungoja majibu. Alikifunga tena. Akaweka mikono yake mezani, akaiangalia, na mabega yake, yaliyokuwa yamenyooka siku tatu zote, yakaanguka.

Theodora alitoka nje kuvuta hewa. Minza alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa amelala kwa askari wa kike, asubuhi akarudi palepale. Akainuka.

"Mmemkamata aliyekula fedha zetu?"

"Hakuna aliyezila," Theodora alisema. "Mmezisomea zote. Zilikwisha zamani, ninyi mkaendelea kusoma."

Msichana hakuelewa. Theodora aliketi karibu naye, akanyoosha goti, akaanza kumweleza tangu mwaka tisini na nne.

*

Jalada lilikwenda kwa Wakili wa Serikali na kurudi baada ya miezi miwili. Kwa upande wa Dafrosa, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimerudi vyote na wanachama hawakutaka kushitaki, hakufunguliwa kesi. Mwalimu Eustace alishitakiwa kwa kuandika hesabu za uongo. Alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje cha miezi kumi na miwili, na sharti la kuripoti polisi kila Ijumaa.

Mkutano mkuu ulifanyika, wenye kelele nyingi. Benjamini alilipa deni lake lote siku hiyohiyo, hakukaa kusikiliza makofi. Wengine walichanga walichochanga. Minza na wenzake watatu walifanya mitihani. Wawili hawakupata mtu wa kuwalipia. Mmoja alirudi kulima tumbaku, mwingine akapata kibarua Isikizya. Wanachama wakaamua kwamba wale wanne wakimaliza, mfuko ufungwe. Hapakuwa na aliyepinga.

Nyumba haikuuzwa.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita mwalimu Eustace alikuja kuripoti, akatia sahihi kwenye daftari, lakini hakuondoka.

"Nimetoka Nzega jana," alisema. "Nilikwenda kwa Levina. Nikamwambia yote. Kiinua mgongo, wale wasichana wawili, yote. Nikamwomba msamaha, pale stendi, watu wanapita."

Theodora aliacha kuandika. "Akasemaje?"

"Hakusema kitu." Mzee alifikiri. "Alikuwa na wateja. Alipomaliza kuwahudumia alinipa kiti."